Jinsi ya kukusanya tokeni za wachuuzi wa kambi: mwongozo kamili kwa anayeanza

Kama umekulia mtaa wenye duka la Mangi, lile daftari unalijua. Unachukua unga, sukari na sabuni, Mangi anaandika, mwisho wa mwezi mnaonana. Sasa mweke Mangi huyo ndani ya hema, katikati ya kambi ya jeshi huko Virginia, Marekani, mwaka 1862, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Wateja wake ni mamia ya vijana waliovaa sare. Mshahara wao ni dola 13 kwa mwezi, na mara nyingi unachelewa miezi kadhaa. Badala ya kuandika kila sindano na kila keki, mchuuzi anamkopesha askari dola moja kwa mkupuo na kumpa vijisarafu vya shaba vyenye jina la duka. Askari anavitumia kidogo kidogo, tena kwa mchuuzi huyo huyo, maana kwingine havipokelewi. Siku mshahara unapotoka, mchuuzi yuko karibu na meza ya mlipaji, daftari mkononi.

Vijisarafu hivyo, viitwavyo tokeni, ndivyo ninavyovikusanya. Ninaishi Ohio, jimbo ambako vingi vyake vilitengenezwa, na ndugu na marafiki wa Tanga na Dar huniuliza waanzie wapi. Nimeandika hapa yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijatoa dola yangu ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua hasa unatafuta nini

Mchuuzi wa kambi aliitwa *sutler*, na neno SUTLER ndilo utakaloliona kwenye tokeni nyingi na kwenye orodha za minada, kwa hiyo likariri. Alikuwa raia, siyo askari, na alikuwa na kibali cha kuuzia kikosi kimoja, yaani rejimenti. Sheria ya Bunge la Marekani ya tarehe 19 Machi 1862 iliruhusu mchuuzi mmoja kwa kila rejimenti. Ilitaja bidhaa anazoweza kuuza, ilitaka bei zibandikwe mahali pa wazi, na ilimkataza kuuza pombe. Madai yake kwenye mshahara wa askari hayakutakiwa kuzidi sehemu moja ya sita ya mshahara wa mwezi. Piga hesabu: kwenye dola 13, ni kama dola 2 na senti 17.

Fedha hiyo haikufika mbali. John D. Billings, aliyekuwa askari wa mizinga wa Massachusetts, aliandika baadaye kwamba biskuti sita za molasi ziliuzwa senti 25. Askari weusi walikuwa na hali ngumu zaidi. Hadi Bunge lilipowasawazisha Juni 1864, walilipwa dola 10, na humo zilikatwa 3 za nguo, wakabaki na 7, wakati mwenzao mweupe akipata 13. Rejimenti ya 54 ya Massachusetts ilikataa kabisa kupokea mshahara huo pungufu. Kila ninaposhika tokeni ya senti 25 nakumbuka hesabu hiyo.

Kulikuwa pia na shida ya chenji. Benki ziliacha kutoa sarafu za dhahabu na fedha mwishoni mwa 1861, watu wakaanza kuficha sarafu majumbani, na kufikia katikati ya 1862 hata sarafu ndogo zilikuwa zimeadimika. Watu walilipana kwa stempu za posta. Mchuuzi mwenye tokeni zake mwenyewe alikuwa ametatua mambo mawili kwa pamoja, mkopo na chenji.

Baada ya vita, mwaka 1866, Bunge lilikifuta cheo hicho, na nafasi ikachukuliwa na wafanyabiashara wa ngomeni. Hao nao wana tokeni zao, nzuri sana, ila ni za enzi nyingine. Hapa ninashughulika na za 1861 hadi 1865, na karibu zote ni za upande wa Kaskazini, uliopigania serikali kuu.

Hatua ya 2: Jifunze kuisoma tokeni

Chukua lenzi, kaa penye mwanga wa dirishani. Ninayoielezea hapa ni ya shaba ya manjano, upana wa milimita 19, sawa na sarafu ya senti moja ya Marekani. Upande wa kwanza maandishi yamezunguka ukingo: jina la mchuuzi, kisha namba ya rejimenti, kisha jimbo. Utakutana na vifupisho, REGT kwa rejimenti, VOLS au VOL kwa wanajeshi wa kujitolea, INF kwa askari wa miguu, CAV kwa wapanda farasi, na O.V. kwa wanajeshi wa kujitolea wa Ohio. Geuza upande wa pili. Thamani iko katikati, na pamoja nayo maneno kama GOOD FOR 25 CENTS IN GOODS, yaani inafaa kwa bidhaa za senti 25.

Shikilia hayo maneno mawili ya mwisho, IN GOODS. Tokeni haiahidi pesa, inaahidi bidhaa. Askari aliyeichoka hakuweza kuirudisha akapewa noti.

Thamani za kawaida ni senti 5, 10, 25 na 50, na mara chache dola nzima. Mbali na shaba ya manjano kuna za shaba nyekundu na za metali nyeupe laini, na wachuuzi wengine walitumia kadi za karatasi ngumu. Nyingi za shaba zilipigwa Cincinnati, mji wa Ohio, katika karakana ya John Stanton, mchonga mihuri ya kupigia sarafu. Ndiyo maana tokeni za rejimenti tofauti, hata za majimbo tofauti, zinafanana herufi na mpangilio kama watoto wa mama mmoja. Mfanano huo utakusaidia sana utakapofika hatua ya kukagua bandia.

Hatua ya 3: Usizichanganye na binamu zake

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua kitu kizuri chenye jina lisilo lake. Kati ya 1862 na 1864 wafanyabiashara wa mijini nao walitoa tokeni zao zenye ukubwa wa senti, nyingine zikiwa na matangazo ya duka na nyingine zikiwa na bendera na maneno ya uzalendo. Zilitumika kama senti mtaani hadi Bunge lilipozipiga marufuku mwaka 1864. Zinaitwa tokeni za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, zipo kwa wingi, na za kawaida hupatikana kwa makumi machache ya dola. Ya mchuuzi wa kambi mara nyingi huanzia mamia ya dola, na iliyo adimu hasa hupita elfu. Muuzaji asiyejua, au anayejua vizuri sana, huandika neno SUTLER kwenye tangazo la tokeni ya duka la mjini. Angalia kitu chenyewe. Kama hakitaji rejimenti, ngome wala cheo cha mchuuzi, mwombe akuonyeshe alijuaje kuwa ni ya mchuuzi wa kambi.

Watu wa nyumbani huniuliza pia kuhusu sarafu za Tabora za 1916, zile Wajerumani walizopiga kwenye karakana ya reli baada ya njia za bahari kufungwa, heller 20 za shaba na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Ni sarafu za vita kweli, na zina wapenzi wake, lakini zilikuwa fedha ya serikali yenye nguvu popote ndani ya koloni. Tokeni ya mchuuzi ilikuwa deni la duka moja.

Hatua ya 4: Anza na za bei ndogo

Usianze na ya dola 600. Anza na vitu viwili.

Cha kwanza, nunua tokeni mbili au tatu za mjini za 1863, za kawaida kabisa. Utazoea uzito wake, ukingo wake, jinsi shaba ya miaka 160 inavyong'aa kwa hudhurungi bila kupakwa kitu. Mkono ukishazoea, tokeni bandia itakushtua kabla hujajua kwa nini.

Cha pili, tafuta visahani vya karatasi ngumu ambavyo maduka ya jeshi la Marekani yalianza kuvitoa mwishoni mwa 2001 kwa wanajeshi waliopelekwa Afghanistan na kwingineko. Wakusanyaji huviita *pogi*. Kusafirisha sarafu kwa ndege kulikuwa mzigo, hivyo duka likarudisha chenji ya senti 5, 10 na 25 kwa visahani hivyo. Ni wazo lile lile la kwenye hema la Virginia, limerudi baada ya miaka 140, na vingi huuzwa kwa bei ya soda. Anayeanza na shilingi chache anaweza kupanga seti yenye heshima.

Kisha chagua njia moja. Wengine hukusanya jimbo moja, wengine thamani moja, wengine kazi za mchonga mihuri mmoja. Mimi nilichagua rejimenti za Ohio kwa sababu nyaraka zake ziko karibu nami. Ukisema unakusanya "zote", utabaki na sanduku la vitu visivyojuana.

Hatua ya 5: Elewa kipimo cha uadimu

Kwa tokeni za enzi hii hutumika kipimo cha R-1 hadi R-10, kinachokadiria ni ngapi zimebaki duniani. R-1 ni zaidi ya 5,000. Sehemu itakayokuhusu ni ya juu: R-5 ni kati ya 76 na 200, R-6 ni 21 hadi 75, R-7 ni 11 hadi 20, R-8 ni 5 hadi 10, R-9 ni 2 hadi 4, na R-10 ni moja tu.

Mtego upo hapa. Wakusanyaji wa sarafu za serikali wana kipimo kingine kinachoishia R-8, na humo R-7 ni 4 hadi 12. Tangazo likisema "R-7" bila kutaja ni kipimo gani, uliza.

Na uadimu peke yake haufanyi bei. Tokeni ya R-9 ambayo hakuna anayeitaka inaweza kuuzwa chini ya R-6 ya rejimenti mashuhuri. Katalogi ambayo minada huitaja ni ya David Schenkman, ya 1983, iliyopangwa kwa majimbo. Kama huwezi kuipata, tumia kumbukumbu za minada iliyopita mtandaoni, zenye picha na bei halisi iliyolipwa. Bei anayoitaka muuzaji ni matumaini yake tu, iliyolipwa ndiyo ya kufanyia hesabu.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kulipa

Unahitaji lenzi ya kukuza mara kumi, kalipa ya kupimia upana, na mizani ya sonara inayosoma angalau sehemu ya mia ya gramu.

Anza na ukingo. Bandia nyingi hutengenezwa kwa kumimina metali kwenye kalibu, na kalibu huacha mstari mwembamba unaozunguka ukingo, hata kama umepigwa msasa. Kisha tazama uwanda ulio wazi kati ya herufi. Tokeni iliyopigwa kwa mhuri ina uwanda laini na herufi zenye kona kali. Iliyomiminwa ina vitundu na vipele vidogo, na herufi zake zimelainika kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Halafu linganisha na picha ya nyingine iliyouzwa mnadani, herufi kwa herufi. Muhuri ni mmoja, kwa hiyo umbali kati ya herufi na nyota lazima ulingane.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha maji. Pima tokeni ikiwa kavu. Weka glasi ya maji kwenye mizani na uirudishe mizani isome sifuri. Ining'inize tokeni kwa uzi mwembamba, izame yote bila kugusa chini wala pembeni, na usome namba inayoongezeka. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Mfano: tokeni ina gramu 3.40 na mizani imeongezeka 0.40. Jibu ni 8.5, na shaba ya manjano huwa kati ya 8.4 na 8.7. Shaba nyekundu ni karibu 8.9. Ukipata 7 na kidogo kwa kitu kinachoitwa shaba, hiyo siyo shaba, huenda ni zinki iliyopakwa rangi. Fanya mara tatu uchukue wastani, maana tone moja la hewa likinata kwenye herufi linaharibu hesabu.

Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala za sarafu na tokeni ziwe na neno COPY. Muuzaji mwongo hulisugua. Ukiona sehemu moja imekwaruzwa au ina bonde dogo lisilo na sababu, weka chini.

Kwa tokeni ya bei kubwa, ni bora kununua iliyokwisha kukaguliwa na kufungwa kwenye kasha na kampuni ya kupima ubora kama NGC. Unalipa zaidi, lakini unalala.

Hatua ya 7: Uliza ilitoka wapi

Tokeni nyingi zilichimbuliwa kwenye maeneo ya kambi kwa vifaa vya kutambua metali. Iliyokaa ardhini utaitambua kwa ngozi ya kijani kibichi au kahawia yenye chembechembe. Bei yake ni ndogo kuliko iliyotunzwa kwenye droo, ila ikiwa na taarifa ya shamba ilimopatikana mimi huipenda zaidi, kwa sababu inaniambia rejimenti ilipiga kambi wapi.

Lakini iwe imetoka shamba la mtu binafsi, kwa ruhusa yake. Kwenye viwanja vya vita vilivyo chini ya serikali kuu, kama Gettysburg na Petersburg, kuchimba ni kosa la jinai, na sheria ya 1979 inalinda vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100 katika ardhi yote ya serikali hiyo. Muuzaji akikwepa swali hili, mimi huacha hata kama tokeni ndiyo niliyoitafuta miaka mitatu. Kitu kilichong'olewa kwa wizi kwenye uwanja waliolala watu siwezi kukiweka nyumbani kwangu.

Hatua ya 8: Usisafishe

Mama yangu alikuwa aking'arisha sinia zake za shaba kwa ukwaju na majivu kabla ya sikukuu, na zilikuwa zinang'aa hadi unajiona. Tokeni yangu ya kwanza ilipofika, hudhurungi na nyeusi kwenye kona za herufi, nilifanya kama mama. Dakika tano. Ilitoka na rangi ya waridi iliyofifia, mikwaruzo mistari mistari kama iliyochanwa kwa kitana, na ile ngozi ya miaka 150 ikaenda na maji ya bomba. Mnunuzi mmoja mzoefu aliitazama akanirudishia kimya.

Ukwaju, limau, siki, dawa ya meno, dawa za kung'arisha shaba, vyote hula uso wa metali. Kinachoruhusiwa ni kuilowesha kwenye asetoni safi ya dukani, siyo ile ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato, kwenye chombo cha kioo na mbali na moto. Asetoni huondoa mafuta na gundi bila kugusa shaba. Itoe, iache ikauke yenyewe, usiifute. Tope gumu liloweshe kwa maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, siku nyingi ikibidi.

Hatua ya 9: Hifadhi, hasa ukiwa pwani

Adui wa kwanza ni mfuko laini wa plastiki ya PVC. Baada ya muda huachia utelezi wa kijani unaong'ata shaba. Tumia vifuko vya Mylar au vikasha vya plastiki ngumu isiyo na PVC, na ushike tokeni kwa ukingo, vidole vikavu.

Adui wa pili anaijua Tanga, Mombasa na Unguja vizuri: unyevu wenye chumvi. Chumvi ikishaingia kwenye shaba, hasa iliyotoka ardhini, huzaa unga wa kijani mwepesi unaochimba mashimo na haukomi wenyewe. Ukiuona, itenge hiyo tokeni na nyingine siku hiyo hiyo. Weka mkusanyiko kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, tia vipakiti vya chembe za kufyonza unyevu, na uvibadilishe masika na vuli. Kabati la mbao mbichi siyo mahali pake, mbao hutoa asidi.

Hatua ya 10: Mtafute mtu aliye kwenye tokeni

Hapa ndipo ninapokaa usiku. Tokeni ina jina la mtu, namba ya kikosi na jimbo, na sarafu chache duniani zinakupa mwanzo mzuri hivyo.

Anza na kikosi. Huduma ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ina hifadhidata ya bure mtandaoni yenye historia fupi za rejimenti: zilianzishwa lini, zilipigana wapi, zilipoteza wangapi. Andika mahali zilipokaa majira ya baridi, kwa kuwa kambi iliyotulia miezi kadhaa ndiyo iliyomfaa mchuuzi.

Kisha mtafute mchuuzi. Usimtafute kwenye orodha za askari ukashangaa kumkosa, yeye alikuwa raia. Mtafute kwenye magazeti ya mji wake, sensa ya 1860, na barua za askari zilizochapishwa. Askari walimwandika sana, mara nyingi kwa hasira, na usiku mwingine walikata kamba za hema lake na kupora. Hata hivyo kesho yake walirudi kununua tumbaku, maana hapakuwa na kwingine.

Tafuta na picha. Maktaba ya Bunge huko Washington imeweka mtandaoni picha za maduka haya. Moja ni ya duka la A. Foulke huko Brandy Station, Virginia, Februari 1864, kwenye makao ya brigedi ya mizinga. Ikuze polepole, utazame watu wamesimama mbele ya duka kwenye baridi ile. Baada ya hapo kile kisahani cha shaba mkononi hakitabaki kama kilivyokuwa.

Mwisho, iandikie kila tokeni kadi yake: jina, rejimenti, thamani, metali, upana, uzito, jibu la kipimo cha maji, uliyemnunua kwake, tarehe, bei, na yote uliyoyapata kumhusu mchuuzi. Piga picha pande zote mbili. Wanao hawatajua kisahani hiki ni nini usipowaandikia, na kadi iandike kwa Kiswahili kama ndiyo lugha watakayoisoma. Andika na dosari, tundu, mkwaruzo, kona iliyopinda. Kadi ya tokeni yangu ya kwanza ina mstari unaosema: ilisafishwa kwa ukwaju na majivu, na mimi mwenyewe, siku ilipofika.